Jaji Atkin (1867-1944): Mzee Mmoja Aliyelilinda Neno

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Methali hii aghalabu hutumiwa kuusifu ushauri wa watu wenye umri na tajriba. Hata hivyo, zimewahi kutokea nyakati ambapo wazee waliketi pamoja, wengi wao wakaliharibu neno, na mmoja tu akabaki akilishikilia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mjini London tarehe 3 Novemba 1941. Majaji watano wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza walitoa hukumu kuhusu mtu aliyekuwa amewekwa kizuizini bila ya kushtakiwa, kwa hoja ya usalama wa taifa. Wanne walikubaliana na serikali. Wa tano, James Richard Atkin, ambaye wanasheria humjua kwa jina la Lord Atkin, alikataa.

Linalomvutia msomi wa lugha katika kisa hiki ni kwamba mzozo wenyewe ulikuwa wa kisemantiki. Vita vilikuwa vimepamba moto na majasusi walikuwa wakisakwa kila pembe, lakini swali lililowagawanya wazee wale lilihusu maana ya kishazi kimoja cha masharti. Makala haya yanayasimulia maisha ya Atkin kwa nia ya kuonyesha jinsi uhuru wa binadamu unavyoweza kutegemea maneno machache ya sheria, na yanayowapata watu pale maneno hayo yanapolegezwa.

Kutoka Brisbane hadi London

Atkin alizaliwa tarehe 28 Novemba 1867 mjini Brisbane, katika koloni la Queensland nchini Australia. Baba yake, Robert Travers Atkin, alikuwa mzaliwa wa Ireland aliyehamia huko akawa mwanahabari na mbunge. Mzee huyo alifariki mwaka wa 1872, kabla ya mwanawe kutimiza umri wa miaka mitano. Mama yake, Mary Elizabeth Ruck, alikuwa wa ukoo wa Wales, na huko ndiko mtoto alikolelewa, nyumbani kwa nyanya yake mzaa mama. Mapenzi yake kwa Wales hayakufifia maishani. Alipopewa cheo cha ulodi alijinasibisha na Aberdovey, kijiji cha pwani ya Wales, na huko ndiko alikofia.

Baada ya masomo ya shule katika Christ College, mjini Brecon, aliendelea na elimu katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambako alizama katika Kigiriki na Kilatini. Yamkini mazoea ya kulipima neno la lugha kongwe, kuligeuza na kulitazama kila upande, ndiyo yaliyomfanya baadaye asiweze kuvumilia sheria kusomwa ovyo. Alikubaliwa kuwa wakili mwaka wa 1891 na akapata mafunzo ya kazi kwa Thomas Scrutton, bingwa wa sheria za biashara. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu kwani wateja walikuwa haba. Mwaka wa 1893 alimwoa Lucy Elizabeth Hemmant, ambaye pia alikuwa mzaliwa wa Brisbane, wakajaaliwa watoto wanane.

Haba na haba hujaza kibaba. Atkin alipanda hadi akateuliwa kuwa jaji mwaka wa 1913, akaingia Mahakama ya Rufaa mwaka wa 1919, na mwaka wa 1928 akawa mmoja wa majaji wa Bunge la Malodi. Wakati huo Bunge hilo ndilo lililokuwa na mamlaka ya mwisho ya kuamua kesi za Uingereza.

Jina lake lilivuma zaidi mwaka wa 1932 kutokana na kesi ya mwanamke wa Scotland, May Donoghue, aliyedai kuugua baada ya kunywa kinywaji cha tangawizi ambacho, kwa maelezo yake, chupa yake ilikuwa na mabaki ya konokono. Hakuwa amekinunua yeye, hivyo hakuwa na mkataba na yeyote. Swali lilikuwa iwapo mtengenezaji alikuwa na wajibu wowote kwake. Atkin alijibu kwa kuliendea neno ambalo kila Mkristo alilijua kutokana na mafundisho ya dini, yaani jirani, akalipa maana ya kisheria: jirani ni yule ambaye mtu anapaswa kumfikiria kwa kuwa vitendo vyake vinaweza kumdhuru. Wanafunzi wa sheria nchini Kenya, kama wenzao katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza, hukutana na hukumu hiyo mapema katika masomo yao.

Mamlaka Mbele ya Sheria

Msimamo wa Atkin kuhusu kizuizi haukuzuka ghafla mwaka wa 1941. Mnamo Machi 1923 serikali ya Uingereza iliwakamata watu wapatao mia moja waliohusishwa na harakati za wapigania uhuru wa Ireland, ikawasafirisha hadi Dublin wakazuiliwe huko. Mmoja wao, Art O'Brien, alipeleka malalamiko mahakamani. Atkin, pamoja na Scrutton aliyekuwa mwalimu wake na jaji Bankes, waliamua kwamba kizuizi hicho kilikuwa haramu. Ireland ilikuwa imepata dola yake mwaka wa 1922, na Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza hakuwa tena na mamlaka ya kumfungia mtu katika nchi yenye serikali yake. Bunge lililazimika kupitisha sheria ya kuwakinga wakubwa waliohusika.

Miaka minane baadaye jambo kama hilo lilitoka Afrika. Eshugbayi, aliyekuwa na cheo cha Eleko katika mji wa Lagos, alikuwa ameondolewa madarakani na serikali ya kikoloni ya Nigeria na kuhamishwa kwa nguvu hadi Oyo mwaka wa 1925. Serikali ilidai kwamba sheria ilimruhusu Gavana kumfukuza chifu aliyeondolewa iwapo mila ilitaka hivyo, na kwamba mahakama hazikuwa na haki ya kuyachunguza mambo hayo. Rufaa ilifika London, mbele ya majaji wa Baraza la Mfalme, waliokuwa wakisikiliza rufaa za mwisho kutoka makoloni, ikiwemo Kenya. Mwaka wa 1931 Atkin, akizungumza kwa niaba ya wenzake, aliikataa hoja hiyo. Alishikilia kwamba mtumishi wa serikali hawezi kuugusa uhuru wa raia ila kwa idhini ya sheria, na kwamba idhini hiyo ni lazima ithibitishwe mahakamani. Iwapo sheria inasema mila itake hivyo, basi ni lazima mila iwe inataka hivyo kweli; haitoshi Gavana kusema kwamba inataka. Eleko alirejea Lagos mwaka huohuo.

Mwaka wa 1936 kesi nyingine ilitoka Trinidad, ambako mhariri wa gazeti alikuwa ameadhibiwa kwa kuchapisha makala yaliyokosoa adhabu zilizotolewa na majaji. Atkin aliifuta adhabu ile na kueleza kwamba haki si mwali wa kufichwa ndani. Ni lazima ivumilie kukosolewa na mtu wa kawaida, maadamu anakosoa kwa nia njema. Jaji aliyeitaka serikali ijieleze hakuiepusha mahakama yake na sharti hilohilo.

Kanuni ya 18B

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka Septemba 1939, serikali ya Uingereza ilijitwalia mamlaka makubwa kupitia kanuni za ulinzi. Mojawapo ilikuwa Kanuni ya 18B, iliyomruhusu Waziri wa Mambo ya Ndani kumweka mtu kizuizini bila ya kumshtaki. Katika umbo lake la kwanza, kanuni hiyo ilimtaka Waziri aridhike tu kwamba hatua hiyo ilihitajika. Wabunge walilalamika vikali mwezi wa Oktoba, wakisema kwamba mamlaka ya namna hiyo hayakuwa na mipaka. Serikali ikasalimu amri, na mwezi uliofuata maneno yakabadilishwa. Kuanzia hapo Waziri alitakiwa awe na sababu za msingi za kuamini kwamba mtu fulani, mathalani, alikuwa na uhusiano na adui.

Inafaa kuyatazama mabadiliko hayo kwa makini. Kuridhika ni hali ya moyoni. Mwenyewe ndiye shahidi wa pekee. Kuwa na sababu za msingi ni jambo lililo nje ya moyo. Sababu ama ipo ama haipo, na mtu wa tatu anaweza kuitazama na kuipima. Bunge lilikuwa limelitoa jambo moyoni mwa Waziri na kuliweka mezani.

Ufaransa ilipoelekea kuanguka mnamo Mei 1940, hofu ya kuvamiwa ilitanda na watu zaidi ya elfu moja wakazuiliwa. Wengi wao walikuwa wafuasi wa Oswald Mosley, kiongozi wa Mafashisti wa Uingereza. Ilikuwapo kamati ya ushauri iliyosikiliza malalamiko yao, ila ushauri wake haukumfunga Waziri.

Miongoni mwa waliokamatwa alikuwa Robert Liversidge, afisa wa kikosi cha wanahewa, aliyezuiliwa kwa amri iliyotolewa na Waziri John Anderson tarehe 26 Mei 1940. Alidaiwa kuwa na uhusiano na adui. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Jack Perlzweig, na wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Urusi. Tuhuma ya kushirikiana na Wajerumani wa Hitler ilimwangukia mtu wa kabila ambalo Hitler alikuwa akiliangamiza. Liversidge alimshtaki Waziri kwa kumfunga kinyume cha sheria, na akaomba jambo dogo: aelezwe sababu zilizomfanya Waziri aamini alivyoamini. Waziri alikataa. Rufaa ilifika kwa malodi, ikiongozwa na wakili D. N. Pritt, ambaye jina lake lingekuja kujulikana sana nchini Kenya.

Mmoja kwa Wanne

Haitakuwa haki kuwachora majaji wanne walioikubali serikali kama vibaraka. Viscount Maugham, kaka ya mwandishi W. Somerset Maugham, pamoja na malodi Macmillan, Wright na Romer walikuwa na hoja zenye uzito. Walisema kwamba jaji hana habari za kijasusi alizo nazo Waziri, na kwamba kuzitoa hadharani kungewafichua watoa habari na kumnufaisha adui. Walisema pia kwamba Waziri angewajibika mbele ya Bunge. Mabomu yalikuwa yamenyeshea London kwa miezi mingi, na ukumbi wenyewe wa wabunge ulikuwa umeteketezwa Mei 1941. Kwa sababu hizo waliamua kwamba kanuni ilitosheka iwapo Waziri aliamini kwa nia njema kuwa alikuwa na sababu za msingi. Macmillan, aliyekuwa upande wa Atkin katika kesi ya konokono, safari hii alisimama upande wa pili.

Atkin aliliona kosa hapo hapo. Kuwa na kitu na kudhani kuwa unacho ni mambo mawili. Alitoa mfano wa mtu aliyevunjika kifundo cha mguu: hakuna asemaye kwamba kifundo kimevunjika akimaanisha kuwa mwenyewe anadhani kimevunjika. Alizipitia sheria za karne nyingi zilizompa polisi uwezo wa kumkamata mtu kwa sababu za msingi, akaonyesha kwamba daima mahakama ndizo zilizopima kama sababu hizo zilikuwapo. Alionyesha pia kwamba waandishi wa kanuni zenyewe za vita, walipotaka kuliacha jambo kwa hiari ya Waziri peke yake, walijua kutumia maneno mengine. Kwa nini basi maneno haya yageuzwe maana kwa ajili ya mfungwa mmoja?

Alipotafuta mfano wa usomaji wa namna hiyo, hakuupata katika vitabu vya sheria. Aliupata katika fasihi ya watoto, kwa Humpty Dumpty, kiumbe wa umbo la yai katika kitabu cha Lewis Carroll kiitwacho Through the Looking-Glass, ambaye hujitwalia mamlaka ya kuyapa maneno maana aipendayo. Viscount Simon, aliyekuwa Lodi Chansela, aliisoma hukumu kabla haijatolewa, akamsihi Atkin aliondoe fumbo hilo kwa kuwa lingewadhihaki wenzake. Atkin alikataa. Aliongeza kwamba hoja alizozisikia mahakamani zingefaa enzi za Mfalme Charles I wa karne ya 17, aliyewafunga watu bila ya kutaja sababu. Akasema kwamba hata katikati ya mlio wa silaha sheria hazinyamazi, na hazibadilishi lugha yake kati ya amani na vita.

Ni muhimu kutambua kwamba Atkin hakutaka wafungwa wafunguliwe kiholela. Siku hiyohiyo malodi waliamua kesi ya Ben Greene, binamu ya mwandishi Graham Greene, naye akiwa kizuizini. Katika kesi hiyo Waziri alikuwa ameleta hati ya kiapo na maelezo, na Atkin alikubaliana na wenzake kwamba rufaa itupwe. Alichodai ni kwamba mwenye kushika funguo aje na sababu mkononi. Hakudai zaidi ya hapo.

Gharama ya kusimama pekee haikukawia. Siku tatu baada ya hukumu, Maugham alichapisha barua katika gazeti la The Times akimlaumu Atkin kwa kuwakebehi mawakili wa serikali. Ilikuwa nadra kwa jaji kumshambulia mwenzake magazetini. Atkin hakujibu. Mkewe alikuwa amefariki mwaka wa 1939, na baadhi ya wenzake walimwonyesha ubaridi. Liversidge aliachiliwa kabla ya mwaka wa 1941 kumalizika, kwa uamuzi wa Waziri na si wa mahakama. Atkin alifariki tarehe 25 Juni 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, na hukumu yake ikiwa bado ni ya aliyeshindwa.

Safari ya Hukumu Baada ya Kifo

Kuanzia mwaka wa 1950, katika kesi iliyotoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, majaji wa London walianza kujitenga na uamuzi wa wale wanne. Mwishoni mwa 1979 Lord Diplock alitamka waziwazi katika Bunge la Malodi kwamba wanne wale walikosea, ingawa pengine kosa lao lilisameheka kwa wakati wake, na kwamba Atkin ndiye aliyekuwa sahihi. Ilichukua miaka 38. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, Uingereza ilitunga sheria ya kuwazuilia bila ya mashtaka wageni walioshukiwa kuwa magaidi. Mnamo Desemba 2004 majaji wanane kati ya tisa waliamua kwamba sheria hiyo ilikiuka haki za binadamu. Aliyekuwa mmoja kwa wanne alikuwa amepata warithi.

Nchini Kenya mambo yalichukua njia nyingine. Pritt, aliyeshindwa mwaka wa 1941, alikuja Kapenguria mwishoni mwa 1952 kumtetea Jomo Kenyatta na wenzake watano. Nje ya mahakama hiyo, chini ya hali ya hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba, makumi ya maelfu ya Wakenya walikuwa wakitiwa kambini bila ya kesi. Baada ya uhuru, kanuni za usalama wa umma za mwaka wa 1966 zilimruhusu Waziri kumweka mtu kizuizini iwapo angeridhika kwamba ilihitajika. Msomaji atalitambua neno hilo. Ni lile ambalo wabunge wa Uingereza walilikataa mwaka wa 1939.

Tofauti hii ina uzito. Mahali ambapo sheria inasema sababu za msingi, jaji jasiri anaweza kuuliza ziko wapi. Mahali ambapo sheria inasema akiridhika, jaji huyo amepokonywa silaha kabla ya vita kuanza, kwani atauchunguza vipi moyo wa Waziri? Kanuni hizo ziliwameza wafuasi wa chama cha KPU katika miaka ya 1960, wabunge Jean-Marie Seroney na Martin Shikuku mwaka wa 1975, na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o mwishoni mwa 1977. Waliokuwa kizuizini waliachiliwa Desemba 1978, lakini kanuni zilibaki, na zikatumiwa tena mwaka wa 1982, na mwaka wa 1990 dhidi ya Kenneth Matiba, Charles Rubia na Raila Odinga. Ni mwaka wa 1997, katika marekebisho yaliyotangulia uchaguzi mkuu, ambapo Bunge liliyaondoa mamlaka hayo. Katiba ya mwaka wa 2010 iliagiza mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama iwapo muda huo utaisha wakati isipokuwa kazini. Hata hivyo mjadala haukufungwa. Bunge lilipopitisha marekebisho ya sheria za usalama mnamo Desemba 2014 kufuatia mashambulizi ya kigaidi, Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu vinane Februari 2015.

Hitimisho

Maisha ya Atkin yanabainisha kwamba ulinzi wa uhuru una milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mwenye kutunga sheria, anayechagua neno. Wa pili ni wa mwenye kuisoma, anayelishika neno hilo pasi na kulipinda. Mwaka wa 1939 wabunge wa Uingereza waliulinda mlango wa kwanza, na mwaka wa 1941 majaji wanne wakauacha wa pili wazi. Nchini Kenya mlango wa kwanza wenyewe ulikuwa umeachwa wazi tangu 1966.

Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na kazi ya kuzifasiri sheria kwa lugha hii ni ya wale wanaoisoma na kuifundisha vyuoni. Mfasiri atakayelegea na kuandika akidhani ana sababu mahali palipostahili kuandikwa akiwa na sababu, au akiridhika mahali pa sababu za msingi, hatakuwa amefanya kosa la mtindo tu. Atakuwa ameukabidhi ufunguo wa gereza kwa mtu ambaye hatakiwi kueleza anaugeuzia nini. Mzee wa Aberdovey aliliona hilo, akalisema mbele ya wenzake wanne.